Aliyetoka Shifti ya Usiku

Dirisha ndilo lililoanza. Nerima alikuwa na hakika kwamba aliliacha wazi upana wa vidole vitatu, na hakika yenyewe ilitokana na kijiko cha mbao alichokipachika pale ili upepo usilifunge. Asubuhi alilikuta limefungwa na komeo limeshushwa. Kile kijiko kilikuwa juu ya meza, kimelazwa vizuri kando ya chupa ya chai, kama kilichowekwa na mtu anayependa nyumba yake iwe nadhifu.

Alimuuliza mumewe, Khaemba, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akivaa soksi.

"Si mimi," Khaemba alisema. "Labda ni wewe, na huo usingizi wako."

Mwanamke aliyejifungua juzi huambiwa hivyo kwa kila kitu. Chumvi ikizidi ni usingizi, ugali ukiungua ni usingizi, na mwisho yeye mwenyewe huanza kuamini. Nerima aliamini. Alimnyonyesha mtoto, akalifungua dirisha, akasahau.

Nyumba yenyewe ilikuwa kwota ya zamani ya reli, moja katika safu ya nyumba kumi na mbili za mawe upande wa chini wa mji wa Nakuru. Ilikuwa na chumba kimoja, jikoni ya kujibana, na dari ya mbao iliyoiva weusi kwa moshi wa watu waliotangulia. Wenye reli walishahama au kufa, na siku hizi hupanga yeyote. Khaemba aliendesha kanta, lori dogo la viazi, akipakia Kuresoi na Olenguruone na kuteremsha sokoni mjini, na jioni akirudi alianguka kitandani kama mojawapo ya magunia yake. Nerima alikuwa fundi cherehani. Mtoto wao wa kwanza, Becky, alikuwa na wiki saba.

Shauri la dirisha lilitoka kliniki. Sister Chepkemei hakuwa mtu wa maneno laini. Siku ya chanjo aliwapanga akina mama kwenye benchi na kuwaambia mambo ya kulala na mtoto, akimnyooshea kila mmoja kidole kwa zamu.

"Mtoto analala chali. Si tumbo, si ubavu. Godoro ngumu, hakuna mto, hakuna blanketi karibu na uso. Alale karibu na wewe lakini kwake, si katikati yenu. Baba akikuja amechoka sana ama ameguza pombe, huyo mtoto asipatikane hapo kitandani. Dirisha iwe wazi kidogo. Na jiko ya makaa isilale ndani ya nyumba, hata baridi ikate namna gani. Tumeelewana?"

Walielewana. Khaemba, ambaye hapendi kuambiwa jambo mara mbili, alipasua kreti mbili za viazi, akazipiga randa, akaunda kitanda kidogo cha mbao chenye kingo na kukisogeza ubavuni mwa kitanda chao. Nerima alikishonea godoro gumu na shuka la kubana. Kila jioni alimwosha mtoto kwenye beseni saa mbili kasoro, akampaka mafuta, akamnyonyesha, akamlaza chali. Kilikuwa kitu kizuri, na alikionea fahari.

Aliyekitazama kwa jicho la pembeni ni Truphosa, mama yake Khaemba. Alikuwa amefika kutoka Kimilili akiwa na kuku mmoja, ndizi za kupika na maoni mengi. Kwa mila yao mama halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, hata kunyeshe mvua ya mawe. Alilazwa basi kwa jirani wa ukuta kwa ukuta, Shosho Wanjugu, mjane mwenye kitanda cha ziada na jogoo asiyejua saa. Mchana Truphosa alishinda kwa mwanawe akipika na kukosoa.

"Mjukuu wangu analazwa kwa sanduku kama viazi," alisema. "Mimi nililea saba kwa hii kifua."

Lakini alikuwa na macho. Nerima aliposinzia akinyonyesha, Truphosa aliacha sufuria mara moja, akamgusa begani mara tatu, polepole, asimshtue. "Mama, geuka. Unamlalia mtoto." Halafu akarudi kwenye sufuria kana kwamba hakusema lolote.

Sasa, siku tatu kabla ya jambo la dirisha, Becky alikuwa na usiku mbaya. Alianza kulia saa mbili na kufikia saa nne alikuwa hajanyamaza. Si homa, si tumbo. Nerima alimbeba mpaka mikono ikafa ganzi. Ndipo Khaemba alipogonga ukuta, na Truphosa akaja amejifunga leso, akamchukua mtoto, akamtazama usoni.

"Huyu hana ugonjwa. Huyu analilia jina."

"Jina anayo, Mama," Nerima alisema. "Becky."

"Hiyo ni ya karatasi."

Kwao mtoto mchanga asiyenyamazika huwa anang'ang'aniwa na mfu wa ukoo anayetaka kuitwa tena. Bibi humpakata, akawataja wafu mmoja mmoja, na yule ambaye jina lake litamnyamazisha mtoto ndiye mwenyewe. Truphosa alikaa kitandani, akaanza. Alimtaja Nasimiyu, shangazi ya mumewe. Mtoto alilia. Akamtaja Naliaka. Mtoto alilia. Akamtaja Nekesa, ambaye yeye mwenyewe hakumpenda alipokuwa hai, na mtoto alilia zaidi.

"Nanjala," Truphosa alisema, akimkusudia mama mkwe wake aliyezikwa chini ya migomba kule Kimilili.

Becky alinyamaza katikati ya kilio. Aligeuza kichwa chake kidogo na kutazama mlangoni.

Wakubwa wote watatu walicheka kwa nafuu. Truphosa alimtemea mtoto mate kidogo kifuani kumbariki, akamwita jina lile mara nne, akarudi kulala. Hakuna hata mmoja wao aliyetazama mlangoni.

Usiku uliofuata siku ya dirisha, Nerima aliamshwa na harufu. Ilikuwa harufu ya maua makavu, kali, ya kuwasha pua, na chini yake ikajificha nyingine, ya makaa yanayoanza kushika. Aliinuka akidhani jikoni kuna kitu kinaungua. Hakukuwa na kitu. Hawakuwa na jiko la makaa, walipikia gesi. Saa ya simu ilionyesha saa tisa na dakika kumi, na dirisha lilikuwa limefungwa tena.

Usiku wa pili yake alisikia. Kwanza komeo la mlango, taratibu, la mtu asiyetaka kuamsha watoto. Kisha hatua mbili tatu nzito sakafuni, kisha kitu cha mpira kikaanguka, pu, na baada ya muda wa mtu kuhangaika na mguu wa pili, kingine kikaanguka, pu. Ni sauti ya mtu kuvua gambuti. Halafu pumzi ndefu ikatoka gizani, ya mwanamke aliyesimama tangu jioni na sasa ameona kitanda. Khaemba alikuwa akikoroma upande wa ukutani. Nerima alitaka kumgusa lakini mkono haukumtii, kwa maana godoro lilikuwa linazama upande wa nje, mgongoni pake, polepole, kwa uzito wa mtu anayejilaza kwa makini.

Alipofumbua macho palikuwa pamekucha, na kitanda cha kreti kilikuwa kitupu.

Becky alikuwa kitandani kwao, ukingoni, uso umezama ndani ya bonde ambalo hakuna aliyelilalia. Bonde lilikuwa bado lina joto. Nerima alimnyakua, na mtoto akavuta hewa kwa sauti ya kukwaruza, kisha akalia. Kwenye shavu lake palikuwa na alama nyekundu ya duara yenye matundu manne.

Mtu mwingine angeona duara tu. Nerima alishona nguo miaka sita, na alijua anatazama kifungo. Kilikuwa kifungo kikubwa cha ovaroli, cha aina ya zamani. Hakukuwa na kifungo kama hicho katika nyumba yao wala katika kopo lake la vifungo, na alilimwaga lote sakafuni kuhakikisha.

Khaemba aliitazama alama ile kwa muda mrefu. Safari hii hakutaja usingizi.

"Leo usilale hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Nenda kwa Shosho na Mama. Mimi niko na mzigo Olenguruone, siwezi kuacha, lakini kesho jioni nitakuwa nimerudi."

Kesho yake jioni hakurudi. Mvua ilikuwa imekata barabara upande wa juu, na kanta ilikuwa imezama matope hadi ekseli. Tusitangulie mambo, hata hivyo.

Usiku huo Nerima alilala kwa Shosho Wanjugu, kwenye godoro sakafuni, Truphosa upande huu na kile kitanda cha kreti upande ule. Truphosa alikuwa ameisikia habari ya kifungo na kuisukuma kando. Mtoto amejilalia kwa kitu, alisema, na wasichana wa siku hizi wanasoma sana simu. Alilala akiwa ameshikilia maoni yake. Saa tisa na dakika kumi aliamka akiwa hana hata moja. Harufu ilikuwa imejaa chumba, na gambuti zilikuwa zinavuliwa, moja, kisha ya pili, hapohapo miguuni pao, ingawa mlango wa Shosho Wanjugu ulikuwa na makufuli mawili na hakuna lililofunguliwa. Katika mwanga hafifu wa taa ya nje aliona blanketi la mtoto linainuliwa na kukunjwa, na mtoto mwenyewe akipanda hewani kutoka kwenye kreti, kichwa kimeegemezwa vizuri, jinsi mama yeyote angembeba.

Truphosa alipiga yowe na kumdaka mguu. Kukawa na mvutano mfupi, halafu mtoto akaachiliwa. Hakukuwa na hasira yoyote. Ilikuwa kama mtu aliyesinzia ambaye kitu kimemponyoka mkononi na hakujua.

Shosho Wanjugu aliwasha taa. Alikuwa ameketi kitandani kwake, kitambaa cha kichwa kimemwangukia shingoni, akinusa hewa.

"Hiyo ni pareto," alisema. "Kwetu Molo tulikuwa tunaanika hayo maua kwa mikeka. Naijua." Kisha akaanza kulia kimya kimya, akipangusa macho kwa kiganja. "Muliita nani kwa hiyo nyumba? Siku ile mtoto alinyamaza, muliita nani?"

"Mama ya bwanangu," Truphosa alijibu. "Nanjala."

Shosho alitikisa kichwa.

"Kwa hiyo nyumba yenu, miaka ya tisini, kulikuwa na mama Wafula. Hivyo ndivyo tulikuwa tunamwita. Bwana yake alikuwa wa treni ya mizigo, leo Kisumu, kesho Eldoret. Yeye alikuwa anafanya usiku kwa kiwanda ya pareto, anatoka saa nane, anafika hapa saa tisa na kitu. Mtoto alikuwa wa miezi mitatu, anaachwa na msichana wa jirani. Ilikuwa July, baridi ile mbaya. Akafika, msichana akaenda kwao, yeye akaingiza jiko, akafunga dirisha, akachukua mtoto akalala naye na ovaroli yake vile alikuwa, kwa sababu ya kuchoka." Alipangusa macho tena. "Asubuhi tulivunja mlango. Jiko lilikuwa limewamaliza wote wawili, lakini huyo mtoto alikuwa chini yake. Nilijua jina lake siku ya kuzika, likiwa limeandikwa kwa msalaba. Nanjala."

Nje mbwa alibweka na kuacha.

"Mimi nilisikia huyo mtoto usiku," Shosho alisema. "Alilia kidogo tu, kwa hii ukuta. Nikasema mama yake ako. Nikageuka nikalala."

Truphosa alikuwa amejikunja kwenye godoro kama aliyepigwa. Alikuwa mwanamke aliyejua mila kuliko mchungaji anavyojua zaburi, na hapo ndipo alipoona kosa lake, kosa ambalo mtu asiye wa kwao hawezi hata kulifanya. Wafu huitwa bomani, penye makaburi yao, ambapo hata ukikosea watakaokusikia ni wa kwenu. Yeye aliita akiwa kwenye nyumba ya kupanga, ambamo wamekufa watu asiowajua. Aliyekuwa karibu ndiye aliyeitika.

"Na sasa jina liko kwa mtoto," alinong'ona. "Mahali mtoto ataenda, huyo mama pia ataenda. Hata mukipanda gari saa hii, atalala naye kwa gari."

"Mama, utalitoa aje?" Nerima aliuliza.

"Nyumbani. Kimilili, kwa makaburi, baba yake akiwa amesimama hapo. Bila baba haiwezekani."

Na baba yake alikuwa Olenguruone kwenye matope; kulipokucha alisema kwa simu kwamba hatatoka kabla ya kesho yake.

Basi ulibaki usiku mmoja wa kuvuka. Nerima hakula siku hiyo. Alimtazama mtoto akipumua, kifua kile kidogo kikipanda na kushuka, akahesabu bila kujua anahesabu. Alijua vizuri sana kinachokuja. Huyo mwanamke alikuwa hachukii mtu. Angerudi kazini amechoka, angelala, na kila usiku angelala kwa uzito zaidi, hadi ule usiku wake utimie tena mpaka mwisho wake.

Kwa kuwa kwa Shosho hakukuwa kinga, walirudi nyumbani, na saa mbili kasoro alimwosha Becky kwenye beseni. Alimpaka mafuta, akamnyonyesha, akamlaza chali kwenye kreti, akapachika kijiko cha mbao dirishani. Truphosa aliingia na Biblia na chumvi. Alisimama kidogo mlangoni pa chumba cha mwanawe, mahali ambapo mila ilimkataza kulala usiku, akasema, "Mungu atanielewa na wazee watanisamehe," akaingia, akaketi sakafuni na mgongo wake kwenye mlango. Shosho Wanjugu aliketi jikoni. Walikuwa wamekubaliana kwamba hakuna atakayelala.

Saa nane hakuna aliyelala. Saa tisa kasoro Truphosa alikuwa akiomba kwa sauti. Saa tisa sauti ya Truphosa ilianza kuburuzika, na Nerima alisikia kichwa chake mwenyewe kikiwa kizito, macho yakiwasha, na ulimi wa harufu ya makaa ukipenya chini ya mlango, na ingawa alijua kabisa ni nini na alijibana paja kwa kucha hadi ngozi ikachubuka, usingizi ule haukuwa usingizi wa kuchoka bali wa kuzibwa, ukija kutoka miguuni kama maji, na kitu cha mwisho alichokiona wazi ni kijiko cha mbao kikitoka dirishani chenyewe na kusafiri taratibu hewani hadi mezani, ambapo kililazwa kando ya chupa ya chai.

Gambuti ya kwanza ilianguka, kisha ya pili.

"Toka kwa jina la Yesu," Truphosa alisema kutoka mlangoni kwa sauti ya mlevi. "Toka. Huyu si wako. Toka." Akarusha chumvi. Punje zilisikika zikitua sakafuni, na zilisikika pia zikitua juu ya kitambaa kigumu, mahali ambapo macho yaliona hewa tupu. Pumzi ndefu ilishuka. Godoro likazama. Na Becky, ambaye Nerima alikuwa amemfunga mguu kwa ncha ya leso na ncha ya pili kiunoni mwake, mafundo mawili, alikuwa hayuko kwenye kreti wala kwenye leso. Alikuwa kitandani, katikati ya bonde, na bonde lilikuwa linaongezeka kina, na mdomo wake mdogo ulikuwa wazi bila kutoa sauti kwa sababu kulikuwa na kitu juu yake ambacho hakikuonekana, ila tu kwamba shuka lilibanwa pande zote mbili za mwili wake na nywele zake laini zililala kama zinavyolala zikikandamizwa na nguo.

Nerima alijitupa. Alimshika mtoto mikono miwili akavuta, na ilikuwa ni kama kuvuta nguo chini ya ng'ombe aliyelala. Alisukuma, na mikono yake ikakuta turubai nene, na chini ya turubai mwili, mgongo wa mtu, wenye joto, ukipanda na kushuka kwa usingizi mzito. Aliupiga. Aliuuma. Truphosa aliendelea kukemea, toka, toka, na Shosho naye kule jikoni akaanza kukemea kwa Kikuyu, na mgongo ule haukushtuka hata kidogo, na miguu ya Becky, iliyokuwa ikirusha, ilianza kupunguza.

Ndipo ilipomjia. Aliyelala hasikii kwamba anafukuzwa. Mwanamke huyu hajui kuwa kuna watu wanamkemea, hajui mwaka huu ni upi, hajui hata kwamba alikufa. Tangu usiku ule wa baridi mpaka leo hakuna mtu hata mmoja aliyemwamsha.

Aliacha kupiga. Kuacha kulikuwa kugumu kuliko yote aliyowahi kufanya maishani. Alipapasa gizani juu ya turubai hadi akapata bega, akaligusa mara tatu, polepole, kama mtu asiyetaka kumshtua mwenziwe.

"Mama Wafula," alisema. "Mama, geuka. Unamlalia mtoto."

Pumzi ilisimama.

"Geuka, mama. Najua umechoka."

Mgongo uligeuka. Uzito uliondoka juu ya Becky kwa ghafla kiasi kwamba Nerima, aliyekuwa bado anavuta, alianguka chali sakafuni na mtoto kifuani. Kwa muda wa pumzi mbili hakukuwa na kitu. Kisha kitandani mtu aliketi. Nerima hakumwona, lakini aliona godoro, jinsi lilivyobonyea mahali pamoja, na jinsi mikono miwili isiyoonekana ilivyopapasa shuka huku na huko, haraka, kisha haraka zaidi, ikitafuta.

Halafu mwanamke huyo alilia. Safu nzima ya kwota iliamka, nyumba zote kumi na mbili, na mpaka leo kila mmoja husimulia alichosikia kwa namna yake. Wengine husema ni honi ya treni, ingawa hakuna treni iliyopita. Akina mama hawabishani na mtu. Wao walijua ni kilio gani, na kila mmoja alienda kumgusa mtoto wake. Dirisha lilifunguka kwa kishindo, kioo kikapasuka, hewa baridi ikaingia na harufu ikatoka.

Becky alikuwa wa buluu midomoni. Nerima alimpulizia usoni, akamsugua mgongo, akamwita kwa majina yote isipokuwa moja. Alipokohoa na kulia, Truphosa alitambaa sakafuni hadi walipo, akawakumbatia wote wawili.

Jumamosi Khaemba alisimama bomani kwao Kimilili, viatu vyake vikiwa bado na matope ya Olenguruone, na mama yake akawaita wafu upya chini ya migomba. Aliomba radhi kwanza, kwa waliokuwepo na kwa yule asiyekuwepo. Mtoto alinyamaza kwa Nasimiyu, na ndivyo aitwavyo.

Walirudi Nakuru kwa sababu kazi iko Nakuru. Kioo kilibadilishwa. Sister Chepkemei alimpima mtoto, akasema ameongeza vizuri, akauliza bado analala kwake? Nerima akasema ndiyo, Sister. Miezi miwili ilipita bila gambuti, bila harufu, na dirisha lilibaki lilivyoachwa.

Kisha ukaja msimu wa kufungua shule. Nerima alishona sare siku nne mfululizo hadi mguu ukavimba kwenye kanyagio. Usiku wa nne Khaemba alirudi hajiwezi, akaanguka kitandani na jaketi lake. Mtoto aliamka kunyonya. Nerima alimchukua, akajilaza naye ubavu, akijiambia ni dakika tano tu, na atamrudisha kwenye kreti.

Aliguswa begani mara tatu, polepole.

"Mama, geuka. Unamlalia mtoto."

Alidhani ni Truphosa. Alifumbua macho, akaona jaketi zito la Khaemba limeteleza likamfunika mtoto kichwa chote, na titi lake mwenyewe limemziba pua. Alilitupa jaketi, akajiondoa, akamwinua. Nasimiyu alivuta hewa, akapiga chafya, akaendelea kulala. Nerima alimlaza chali kwenye kreti na kusimama pale hadi alipohakikisha kifua kinapanda na kushuka. Ndipo alipokumbuka kwamba Truphosa alirudi Kimilili wiki tatu zilizopita.

Simu ilionyesha saa tisa na dakika kumi. Chumba kilinuka maua makavu, kidogo tu.

"Asante," alisema kwa sauti ndogo.

Alirudi kitandani, akalala chali akiwa macho. Mkono ule ulirudi begani pake ukatulia hapo, wenye joto na uzito wa mkono wa mtu mzima aliyefanya kazi usiku kucha, na haukuondoka mpaka jogoo wa Shosho Wanjugu alipowika.